Tairi Nne za Kumrudisha Nanyama

Kama unafungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, nitakupa habari kwa ufupi, maana wenzako wamenivumilia wiki saba na wamechoka kusikia nikilia.

Mimi ni Wepukhulu wa Kitale, mwenye pikapu kuukuu ya kubeba kabeji kutoka Kachibora hadi soko la Bungoma. Miezi mitatu kabla ya haya ninayosimulia leo, tairi ya nyuma upande wa kushoto ilipasuka tukiwa kati ya Kiminini na Kamukuywa. Gari liliingia katika mahindi ya watu na mke wangu Nanyama akavunjika mkono. Akiwa bado amelala pale kwenye mahindi, aliniuliza tairi ile niliitoa wapi. Nikamwambia niliinunua kwa Kipkirui, muuza tairi za mitumba pale Kachibora.

Baba yake alimtoa hospitalini akampeleka kwao Misikhu. Ile tairi iliyopasuka akaibeba pia, nami sikuuliza ya nini.

Familia ile ina sababu ya kuogopa tairi. Ian, mdogo wake Nanyama, alikufa miaka minne iliyopita tairi ilipompasukia karibu na Webuye. Mzee aliichukua tairi ya ajali hiyo akaiweka ghalani, juu ya mbao, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Wiki iliyopita nilikomea pale simu yangu ilipolia siku ya Alhamisi jioni. Naam, alikuwa yeye.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikimpigia kila asubuhi na hakupokea hata mara moja. Lakini ukimpigia Nanyama kuna wimbo wa kanisa unaopigwa wakati unangoja, na mimi nilikuwa nausikiliza mpaka unakatika. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasikiliza wimbo wa simu ya mke wake. Cheka tu, hata mimi nimejicheka.

Ugali nilikuwa bado napika wa watu wawili kwa sababu mkono umezoea. Nusu yake nilimwagia kuku. Katika boma lile lote, kuku ndio walionenepa.

Basi Alhamisi hiyo alinipigia yeye. Hakunisalimu.

"Baba anasema uje Jumapili," akasema. "Uje na gari. Anataka kuona tairi."

Nikamuuliza, na wewe?

"Mimi siwezi panda hiyo gari tena na tairi za leo na kesho. Weka nne za kukaa. Alafu uje tuongee."

Akakata. Niliishika simu muda mrefu ikiwa imezima, kisha nikaenda nikafua leso yake iliyokuwa kwenye kamba. Ilikuwa safi, lakini niliifua.

Jumamosi asubuhi nikaenda dukani kwa Fadumo, karibu na msikiti. Watu wa Kitale humwita Mama Naim. Duka lilianzishwa na marehemu mumewe, lakini hata enzi za mume wateja walikuwa wakimtafuta mama, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mpira. Pesa nilikuwa nimepata kwa kuuza mahindi yangu yote ya msimu pamoja na televisheni. Mahindi sikuyalilia. Televisheni ndiyo iliyokuwa ikiniongelesha.

Nilimwamkia, nikamwambia nataka tairi nne za kudumu.

"Gari inabeba nini?" akaniuliza.

"Kabeji, mama. Na mke wangu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aliniangalia, akanisogezea kigoda, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimemwambia habari yote ya Misikhu. Mtu aliyekaa bila kusemeshwa miezi mitatu, ukimpa kigoda atakumwagia gunia zima. Jambo moja tu nililibakisha chini kabisa ya gunia.

Nilianza kwa kuonyesha tairi zenye meno makubwa, zile za kupanda milima ya matope. Nilizipenda kwa sababu zilionekana zina nguvu. Mama Naim alikataa hata kuzishusha. Aliniambia hizo ni za mtu anayelala shambani, na kwamba lami ya kutoka hapa mpaka Bungoma itazila kama sabuni. Mwaka haungeisha kabla sijarudi kwake.

Nikaonyesha nyingine, za mitumba kutoka ng'ambo, nyeusi na zinazong'aa. Akaigeuza moja ubavuni, akanionyesha namba nne ndogo ndani ya duara na kuniambia nisome. Mbili za kwanza ni wiki iliyotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Ilikuwa na miaka tisa.

"Lakini meno yote iko," nikasema.

"Meno iko. Mpira ndiyo imezeeka. Hii ilikuwa imekaa tu kwa stoo, hata haikutembea. Unadhani kitu ikikaa haizeeki?"

Nikakifikiria kile kiti changu cha plastiki.

Nyumba njema si mlango, akaniambia, na tairi njema si rangi. Mwishowe alinishushia nne za mwaka huu huu, za plai nane, yaani tabaka nane za nyuzi ndani ya mpira, zenye meno ya kiasi yanayofaa lami na murram. Alinifanya nibonyeze mpira kwa ukucha nione unavyorudi. Kisha akanipa mafundisho kama ninabatizwa: nipime presha kila Jumatatu gari likiwa bado baridi, nibadilishane za mbele na za nyuma kila baada ya miezi michache, nifanye alaimenti magurudumu yakae sawa, na nisipandishe kabeji juu ya vyuma vya bodi kwa tamaa. Tairi haidumu yenyewe, alisema, mwenye gari ndiye huidumisha.

Fundi wake akaziweka. Nilizunguka lile gari kama bwana harusi anayeangalia viatu vyake. Nilijiambia kwamba Jumapili saa kumi Nanyama atakuwa ameketi pale mbele, na leso yake nimeshaifua.

Nilipotaka kuondoka, Mama Naim akaniambia bado. Kuna desturi ya duka lake. Tairi kuukuu zikishatolewa garini, mwenye gari lazima azikate ubavu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mama, ndipo ziende kutupwa.

Huenda hujui kwa nini, basi nikueleze. Kitale kuna watu wanaonunua tairi zilizoisha. Wana kisu kilichopinda, wanakipasha moto wa makaa, wanachonga meno mapya ndani ya mpira uleule mpaka karibu na nyuzi. Wanapaka nyeusi, wanauza kama nzuri. Ukiiangalia utaipenda. Ukiipakia mzigo siku ya jua, utajua ilikuwa karatasi. Mama Naim hataki tairi hata moja iliyotoka dukani kwake ifike kwa watu hao, kwa hiyo hukatwa.

Akanipa kisu. Nikapiga goti, nikaanza kukata.

Watu wengine pale nilikuwa nimewaona wakikata tairi zao. Wanasukuma, wanavuta, wanatoka jasho. Mimi kisu kilipita kama kinapita kwenye sabuni, mstari mmoja ulionyooka, na mwisho wa mstari kiganja kikageuka chenyewe kikaacha ndoano ndogo.

Niliiona ndoano ile nikiwa nimechelewa. Mama Naim alikuwa ameiona.

Akaniuliza kwa sauti ya chini nimechonga miaka mingapi.

"Kuchonga nini, mama?"

"Usiniambie mimi," akasema. "Enda uambie huyo unamnunulia tairi."

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna deni la ukweli baina yangu na wewe msomaji.

Wiki saba nimekudanganya. Ile tairi iliyomvunja Nanyama mkono sikuinunua kwa Kipkirui. Niliichonga mwenyewe.

Nilichonga tairi kwa miaka kumi na mmoja, nyuma ya mabati karibu na soko la Kitale. Nanyama aliponijua, alinijua kama fundi wa pancha, na pancha nilikuwa nikiziba kweli, mbele ya mabati. Nyuma yake tulikuwa wachongaji wanne. Kila mmoja ana mkono wake. Mimi ni wa kushoto, na kila mstari wangu unaishia kwa ndoano inayotazama upande ambao ya wenzangu haitazami. Sikuiweka kwa kujisifu, ilijiweka. Hata akala nilizomtengenezea Nanyama tukichumbiana, zile za mpira wa tairi, nilizichonga soli kwa kisu kilekile. Alizivaa kwa maringo. Mpaka leo ndizo anazoenda nazo shambani.

Ian alipokufa niliacha. Siku ya mazishi nilisikia watu wakisema tairi zile alizinunua Kitale, upande wa soko. Nilitupa kisu chooni. Ghala la mzee sikuwahi kulikaribia. Nilijifariji kwa hesabu moja tu ambayo nimeirudia usiku na mchana miaka minne: tulikuwa wanne.

Kisha mwaka huu mambo yakabana, tairi ya nyuma ikawa kipara, nami nikajiambia kwamba mimi si mjinga kama wateja, mimi najua ipi inaweza kuchongwa na ipi haiwezi. Nikatafuta kisu kingine. Mara moja tu, na kwa gari langu mwenyewe. Mganga hajigangi, lakini mchongaji alijichongea.

Wengine mliandikia gazeti mkimlaani Kipkirui. Mwombeni radhi. Mimi sijui nitamwombaje.

Turudi kwenye safari. Jumapili niliosha gari, nikanunua sukari, majani ya chai na mkate, nikaanza kuteremka kwenda Misikhu. Tairi zilikuwa kimya barabarani. Gari langu limezoea kulalamika kama mzee, na siku hiyo lilikwenda bila neno.

Kutoka Kiminini nilianza kufanya mazoezi ya kusema. Nanyama, ile tairi. Nanyama, kuna kitu. Baba, nimekosa. Nilisema kwa sauti, peke yangu, mwenye baiskeli mmoja akanitazama akadhani naimba.

Nilipofika pale tulipoangukia, nilisimamisha gari. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Palikuwa na mabua tu, na kipande cha kioo cha taa yangu. Nilikaa pale nikaona jinsi itakavyokuwa: nitasema, atanyamaza, nitarudi njia hii hii nikiwa na kiti cha mbele kitupu, nitapika ugali, nitawapa kuku.

Nikaamua tairi mpya ziseme kwa niaba yangu. Zilikuwa zimenigharimu kila nilichokuwa nacho. Nilidhani zinatosha.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Misikhu.

Kiti changu kilikuwa kimewekwa nje, chini ya upenu wa mabati, na hapo ningepaswa kuelewa. Mkwe anayekaribishwa huingia ndani. Mama mkwe alipita mbali nyuma ya jiko kama ilivyo heshima yetu, akanisalimu bila kunitazama. Chai ikaletwa.

Mzee Mukhisa, baba mkwe wangu, aliendesha rori ya serikali miaka thelathini. Alivaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alipiga goti kwenye kila tairi. Alitafuta zile namba nne, akazisoma kwa kidole. Alibonyeza kwa ukucha, akagonga kwa ngumi, akasikiliza. Nilishika kikombe nikangoja kama mwanafunzi.

"Hizi ni tairi," akasema. "Hizi zitakuzika, mwanangu."

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nanyama akatoka ndani. Nilikuwa sijamwona miezi mitatu. Mkono ulikuwa umeshatolewa plasta, umekonda, ameushikilia tumboni kama wa mtu mwingine. Nilisimama. Nilikuwa na hamu naye kiasi cha kuona aibu.

Hakuja kwangu. Alienda ukutani, palipokuwa na kitu kilichofunikwa gunia, akalivuta gunia. Ilikuwa tairi yangu, ile iliyopasuka.

Mzee aliketi polepole akaanza kuongea. Alisema Alhamisi alipanda gari akaenda Kachibora kumtafuta Kipkirui amuulize kwa nini anaua watu. Kipkirui alilia mbele yake. Aliapa kwamba tairi ile hajawahi kuiona.

"Akaniambia yeye anauza tairi, lakini hachongi," mzee akasema. "Akanionyesha mwisho wa mistari. Akaniambia kila mchongaji na mkono yake, na hii ni ya mtu wa kushoto."

Nilitazama kikombe changu. Nilikuwa nimekishika kwa mkono wa kushoto. Nikakiweka chini.

Nanyama alikuwa amebeba akala zake kwapani. Alichukua moja, akaigeuza, akailaza juu ya tairi, soli ikitazama juu. Ndoano kwa ndoano. Hakuhitaji kunionyesha kwa kidole.

"Ni mkono wangu," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno hayo kwa mtu aliye hai. Nilingoja mbingu zianguke. Kuku tu ndio waliopita.

"Nilijua tangu Alhamisi," Nanyama akasema. "Si ndio maana nilikupigia. Nilitaka kuona kama utasema mwenyewe. Si ati ukija na tairi mpya nitasahau. Nilikuwa nangoja tu useme."

Akakitazama kile kifurushi kilichokuwa miguuni mwangu.

"Umeniletea sukari."

Niliangalia chini. Nilitamani anitukane. Mke akikutukana, bado kuna kitu anachokingoja kwako. Nilianza kusema kwamba nilikuwa nimeshaacha, kwamba nilirudia mara moja tu, kwamba niliacha tangu Ian.

Nikajisikia nikilitaja jina hilo, na nikanyamaza katikati ya sentensi.

Lakini mzee alikuwa ameshanyanyua kichwa.

"Uliacha tangu Ian," akasema. Hakuwa akiuliza. "Kwa nini ukaacha tangu Ian?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akasimama, akaanza kutembea kuelekea ghalani.

"Baba, acha," Nanyama akasema. "Baba, hiyo wacha."

Hakuacha. Tulisikia komeo likifunguliwa, kisha mbao, kisha kitu kizito kikiburutwa juu ya ardhi, kwa sababu tairi iliyopasuka haibingiriki. Niliihesabu ile hesabu yangu. Tulikuwa wanne. Tulikuwa wanne. Mama mkwe alitoka nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza tangu nioe alinitazama usoni.

Mzee aliilaza miguuni pangu. Ilikuwa imefunikwa vumbi la miaka minne na makapi ya mahindi, hata mstari mmoja hauonekani. Akaokota lile gunia lililokuwa limefunika ile nyingine, akanipa.

"Pangusa."

Nikalipokea kwa mkono wa kulia. Akatikisa kichwa.

"Tumia ile ya kushoto."

Nanyama alikuwa amesimama na akala moja mkononi, anangoja. Nikapiga goti. Nikaanza kupangusa polepole, kutoka katikati, nikielekea mwisho wa mstari.